Jembe Siku ya Msiba

Hasira hii nilianza kuiombea wakati karanga zina majani manne. Sasa karanga zimeng'olewa, zimeanikwa uani, na hasira bado ipo. Namshukuru Mungu kwa mengi. Amenipa umri, amenipa macho yanayosoma Maandiko bila miwani, na amenipa mahali pa ibada ninapofika kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini katika jambo hili moja sijapata la kushukuru, na sitaki kujifanya nimelipata.

Kijana aliletwa na bodaboda Jumanne mchana hapa Paya, kijijini kwetu Tororo, Uganda, sanduku lake limefungwa nyuma kwa mpira. Alivaa shati jeupe na tai, na kifuani alikuwa na kibao cheusi cha jina. Alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Nairobi, wa miaka ishirini, na Tororo hakuwahi kufika. Mwenzake, Mzambia mkimya, alikuwa amemtangulia kwa wiki moja tu. Kanisa letu, ambalo majirani wanalijua kama la Wamormoni, hutuma wamisionari wawili wawili, na kila mmoja huitwa Mzee, hata kama ndevu bado hazijaota. Sisi waumini tunaitwa ndugu. Kwa hiyo nilisimama mlangoni pa nyumba waliyopangiwa nikasema, "Karibu, Mzee," naye akanijibu, "Asante, ndugu." Wanawake waliokuwa wakipita na madumu ya maji walicheka mpaka wakayatua.

"Sasa hii mtoto ndiyo mzee," mmoja akasema, "na Mwalimu ndiyo ndugu yake mdogo."

Mwalimu ni mimi. Nilikuwa katekista kwa miaka mingi kabla ya kubatizwa upya uzeeni, na jina halikunitoka.

Siku ya pili kijana alikuja kwangu kabla jua halijapata ukali, akauliza ni nani kijijini anahitaji kusaidiwa kazi. Hakuuliza nani anataka kusikia neno. Aliuliza kazi. Nilimtazama viganja vyake, laini kama vya karani, nikafurahi hata hivyo. Nilimtajia jirani yangu, mama mjane ambaye wanawe wawili wako Majanji kwenye biashara ya samaki na hawaonekani ila Krismasi. Magugu yalikuwa yanazishinda karanga zake. Mama huyo si muumini wetu, ni Mwanglikana tangu kuzaliwa, lakini alikubali. Alisema jioni ataegemeza majembe mawili mlangoni, waje Alhamisi asubuhi wayachukue.

Siku hiyohiyo ilizuka habari ya chai. Kijiji chetu kina chama cha mazishi, na kila nyumba imo. Mtu akifa, wanaume wa chama wanachimba kaburi, wanawake wanapika, na turubai na sufuria kubwa zinatoka chamani. Katibu wa chama ni mtu wa rika langu, tulikaa dawati moja tukiwa wadogo. Alipita kwangu kuwaona wageni, mke wangu akaleta chai kwa mazoea, nao wakaomba radhi kwamba kanisa letu halinywi chai. Wakapewa uji. Katibu alikunywa chai yake polepole, akaniambia mbele yao:

"Mwalimu, hii watu yako hapana kunywa chai. Msibani watafanya nini? Watatazama sisi tukinywa?"

"Watakunywa uji," nikasema. "Hata mimi nakunywa uji."

"Wewe tumekuzoea," akasema. "Hawa si watu wa msiba."

Nililichukua kama mzaha.

Alhamisi niliondoka alfajiri kwenda Busia, binti yangu alikuwa amejifungua. Simu niliiacha dukani ikichajiwa. Nikiwa njiani, mzee mmoja ng'ambo ya kijito alikata roho, na ngoma ikapigwa. Kwetu ngoma hiyo ikipigwa, majembe yanalala mpaka marehemu azikwe. Hakuna anayelima, awe wa ukoo au jirani tu. Shamba likiguswa na marehemu bado yuko ndani ya nyumba, anayeulizwa ni mwenye shamba, si aliyeshika jembe. Hili hakuna anayefundishwa. Mtoto wa miaka mitano analijua.

Yule mama alisikia ngoma, akachukua sufuria yake, akaenda msibani kupika. Majembe aliyasahau mlangoni. Haikumpitia akilini kwamba yupo mtu anayeweza kusikia ngoma ile na bado akaenda shamba. Vijana waliisikia. Yule wa Nairobi aliniambia baadaye alidhani inatoka shuleni. Walivaa mashati ya kazi, wakaomba, wakayachukua majembe wakaanza kupalilia.

Hilo ni kosa, na sehemu yake ni yangu. Mimi ndiye niliyewaambia habari ya majembe, nikakaa kimya kuhusu ngoma. Lakini hasira yangu haiko hapo.

Shamba la mama liko kando ya njia ya kwenda kijitoni. Asubuhi nzima watu walipita wakielekea msibani, na kila aliyepita aliwaona. Wakawasalimu. "Kazi njema," walisema. Wengine waliongeza, "Mnajitahidi." Kijana aliitikia kila salamu kwa furaha, na baadaye akaniambia hajawahi kusalimiwa na watu wengi namna ile. Hakuna hata mmoja aliyesema, wekeni chini, kuna msiba. Kisha akaja katibu. Yeye hakupita. Alisimama akitazama, halafu akaingia shambani.

Niliporudi alasiri, yule mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti changu, kanga imefungwa kiunoni, majivu ya jikoni bado yako mikononi.

"Wamenitoa kwenye sufuria," alisema. "Katibu amekuja kusema shamba yangu imelimwa. Wanasema Jumamosi, mzee akishazikwa, watanifuta chamani."

Kufutwa chamani si jambo dogo. Maana yake ukifa hakuna atakayechimba, hakuna atakayepika, hakuna atakayekuja. Wanao watakubeba peke yao kama mzigo.

Vijana walipoambiwa, yule Mzambia alifunika uso. Wa Nairobi aliuliza kama wanaweza kuyarudisha magugu. Sikumcheka. Nilimwambia anisimulie asubuhi yake yote, neno kwa neno, na alipofika kwa katibu nilimwomba arudie.

Jumamosi mzee alizikwa. Watu walipomaliza kula, wakuu wa chama waliketi chini ya turubai, na katibu akafungua daftari. Alizungumza Kiswahili, akasema ni ili wageni wasikie. Alisema mila imevunjwa, shamba limelimwa marehemu akiwa ndani, na jina la mwenye shamba litoke.

Yule mama alikaa chini, miguu ameinyoosha. "Mimi nimepikia watu ya hapa miaka yote," alisema. "Mimi nikikufa nani atanichimbia? Samaki ya Majanji?"

Wachache walicheka.

Kijana alisimama. "Wazee wangu, mama hakujua. Aliyelima ni mimi. Niadhibuni mimi."

"Wewe huna jina hapa," katibu akasema. "Nitafuta nini?"

Nikaomba ruhusa kusema. Nilikuwa nimesali niwe mpole, na nadhani nilikuwa mpole.

"Katibu, Alhamisi ulipita kwenye shamba hilo?"

"Nilipita. Kila mtu alipita."

"Uliwaambia kuna msiba?"

"Ngoma iliwaambia."

"Uliwaambia nini wewe?"

Alirudisha macho kwenye daftari. Nikamgeukia kijana. "Mzee, katibu alikuambia nini?"

Kijana alimtazama katibu, na naapa hapakuwa na ubaya usoni pake. "Aliniambia nashika jembe kama ufagio. Akanifundisha. Mkono wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, nisinyanyue juu sana, nivute kama najikuna."

"Alikufundisha kwa mdomo?"

"Hapana. Alilichukua jembe akanionyesha."

"Akalima?"

"Kidogo. Kama mapigo matano. Alilima vizuri sana."

Nyuma kabisa, kwa wanawake, kicheko kikaanza, kikaja mbele kama maji. Binti mkubwa wa marehemu, ambaye msiba ulikuwa wake, alicheka huku machozi ya mazishi hayajakauka.

"Sasa tufute wawili," mtu akasema, "tuone nani atashika daftari."

Katibu naye alicheka. Alipangusa uso, akasema, "Mkono ulienda yenyewe. Mtu akishika jembe vibaya mimi nasikia vibaya." Wakacheka zaidi.

Binti wa marehemu aliamua. Alisema baba yake hakuwahi kumchukia mtu anayelima, jina la mama libaki, na hao vijana wapasue kuni za matanga mpaka watu watawanyike. Katibu alifunga daftari. Mama alivuta miguu yake, akainuka, akaenda moja kwa moja kuosha sufuria.

Nilimshukuru Mungu palepale, kwa sauti. Jina la mama lilibaki. Lakini nilitazama watu wale wakitawanyika, wakipigana mabegani, wakilirudia neno la mapigo matano, na hakuna aliyemuuliza katibu kwa nini. Alimwona mgeni anakosea, akaingia shambani, akamfundisha kukosea vizuri zaidi, kisha akatembea mpaka msibani na kumshtaki mjane. Na wengine wote, wenye salamu zao za kazi njema, mimi nawajua kwa majina. Baadhi yao niliwafundisha sala. Kama wangeulizwa, wangesema walikuwa wanangoja kuona. Mwanamke alikuwa karibu kukosa watu wa kumzika ili wao waone.

Vijana walipasua kuni siku nne. Jumatano walirudi kwenye karanga kumalizia mistari iliyobaki, nami nikaenda kukaa kwenye ukingo wa shamba, kwa kuwa sasa nimejifunza. Katibu alipita njiani. Kijana alinyoosha mgongo akamsalimu wa kwanza, kwa heshima, kama mwanafunzi anavyomsalimu mwalimu wake. Katibu akaitikia na kuendelea na safari.

Kijana alilima mstari mmoja, akasimama kupumua. Viganja alikuwa amevifunga vitambaa.

"Ndugu," akaniuliza, "vile alivyonifundisha kushika, ndivyo kweli? Au ilikuwa sehemu ya ule mchezo?"

Nilitazama mikono yake. Wa kushoto mbele, wa kulia nyuma.

"Ndivyo kweli," nilimwambia. "Alikufundisha vizuri."

Akarudi kazini ameridhika. Mimi nilibaki pale ukingoni, nikaanza tena sala yangu tangu mwanzo.