Unyenyekevu kwa Herufi Kubwa

Jua halijafika juu ya bati la karakana, na tayari vumbi jeupe limemkaa fundi kwenye nyusi kama unga. Ameinama juu ya jiwe la marumaru, patasi mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Anapuliza, anapangusa kwa tambara bichi, anatazama. Kisha anaweka nyundo chini bila kugonga hata mara moja.

Tangu mwezi uanze, kila asubuhi ni hivyo hivyo.

Mtaani wanamwita Patasi. Anachonga mawe ya makaburi, kazi aliyorithi kwa baba yake, na hutoza kwa herufi. Jina na tarehe ni lazima. Sifa ni za ziada.

"Mwenye nazo hufa akiwa baba mpendwa, nguzo ya ukoo, taa ya jamii," ananiambia bila kucheka, nami naandika daftarini. "Asiye nazo hufa akiwa baba tu."

Jiwe analolitazama leo si la mteja. Ni la mkewe, aliyefariki miezi mitano iliyopita. Waumini wenzake walimwita Mama Deki, kwa kuwa ndiye aliyepiga deki sakafu ya kanisa kila wiki, bila malipo, tangu akiwa msichana. Akitajwa kwenye matangazo ya ibada, aliinamisha kichwa kana kwamba amedondosha kitu.

Siku zake za mwisho alimwita mumewe na binti yao kitandani. "Msinifanyie makuu," aliwaambia. "Msalaba wa mbao unanitosha. Bwana wangu mwenyewe alizikwa kwenye kaburi la kuazima."

Patasi aliitikia. "Ningemkatalia vipi, na pumzi zenyewe alikuwa anazihesabu?"

Lakini msalaba ulipopigwa na mvua ukapinda, na maneno yakaanza. Mteja mmoja, aliyekuja kuagiza jiwe la shangazi yake, alimtania mbele ya watu: "Fundi, kumbe kweli kinyozi hajinyoi! Wetu unawapamba, wako umempa kuni?"

Utani ule ulimchoma. Akanunua jiwe bora kuliko yote aliyowahi kushika, akafunga mlango wa karakana, akachonga kama mtu aliyepagawa. Jina. Tarehe. Na chini yake, kwa herufi za upana wa kiganja, zilizopakwa rangi ya dhahabu: MNYENYEKEVU WA MOYO.

Dada mkubwa wa marehemu ndiye aliyekuja kuliona kwanza. Alilizunguka kama anayenunua ng'ombe, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

"Shemeji! Unyenyekevu huu si unasomeka mpaka barabarani?"

"Usinicheke, shemeji. Hizo ni sifa zake."

"Zake, au za mikono yako?"

Tangu siku hiyo fundi hajui ashike lipi. Jumamosi hii ndugu watakusanyika kaburini kwa ibada ya kumbukumbu. Akilipeleka jiwe, atakuwa amevunja neno la marehemu. Akiuacha ule msalaba uliopinda, watu watasema amemzika mkewe kibahili.

"Halafu najiuliza, kwa nini naogopa watakayosema?" anasema. "Si ndicho kiburi chenyewe hicho?"

Binti yake, mshonaji, anafanya kazi chumba cha pili. Amesimamisha cherehani kusikiliza.

"Baba, nikisema ukweli utanigombeza?"

"Sema, mwanangu."

"Mama naye alipenda watu wajue kwamba hapendi kujulikana. Siku mama mwingine aliposhika ndoo kanisani, alinuna wiki nzima."

Fundi analiinamia jiwe. Mabega yanaanza kumtikisika, na ni vigumu kujua kama anacheka au analia.

"Alinuna kweli," anasema hatimaye. "Eti sakafu imeachwa na mistari."

Kabla ya hapo alikuwa ameshakwenda kwa mchungaji akitumaini kupata ndiyo au hapana. Mchungaji alimkumbusha habari za Farisayo na mtoza ushuru waliokwenda hekaluni kusali, na jinsi anayejipandisha anavyoshushwa. Patasi akamuuliza: na anayejishusha ili apandishwe, je?

Mchungaji, anasimulia fundi, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mzee wangu," alimjibu, "mimi nikihubiri unyenyekevu, ibada ikiisha nasimama mlangoni nikingoja mtu aniambie nimehubiri vizuri. Tuombe tu."

Wakaomba. Patasi akarudi nyumbani na swali lake kama alivyokwenda nalo.

Sasa ana mpango, kama unastahili jina hilo. Ijumaa atalibeba jiwe kwa mkokoteni na kulilaza juu ya kaburi, maandishi yakitazama chini. Upande wa juu utabaki mtupu.

"Watu wataona jiwe tu. Yeye atakuwa na sifa zake huko chini, peke yake. Hapo nitakuwa nimemtii, na sikumnyima."

Anaonekana kuridhika. Kisha uso unamsinyaa.

"Lakini najijua. Mtu akisimama pale akauliza, fundi, mbona jiwe lako halina kitu, nitamwambia kuna nini chini yake. Sitaweza kunyamaza. Tazama, wewe nimeshakuambia." Anafuta vumbi usoni kwa mkono wa shati. "Hilo usiliandike."

Kutoka chumba cha pili cherehani inaanza kulia tena. Fundi anaisikiliza, kiganja chake kikiwa juu ya jina la mkewe.

"Au liandike," anasema. "Alikuwa mtu mwema sana. Kuna ubaya gani watu wakijua?"