Ramani Niliyoikuza Mwenyewe

Aibu hii huwa siisimulii, lakini kwa vile mmenibana, haya. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa bwana shamba mgeni Kakuyuni, nimetoka bara na ramani ya udongo ya wilaya nzima, ambayo ndani yake Kakuyuni ilikuwa kama punje ya mtama. Nikaamua (hapa ndipo nilipojiloga) kuichora upya kwenye karatasi ya manila, mara nne ya ukubwa wake, na mipaka ya rangi nikaikoleza kwa kalamu nene. Ikapendeza mno, nikaamini sasa inajua kila shamba.

Mama Kadzo, mjane mwenye eka mbili, alikuwa na mbegu ya mahindi ya msimu huo tu, hana nyingine. Nikamwambia aache bondeni alikozoea, apande pale kwenye mwinuko, ramani inasema pana udongo mwekundu wenye kina. Akanijibu kwamba pale hapalimiki. Nikamwonyesha rangi. Akailoweka mbegu yote kama nilivyoagiza, na kesho yake nikawaita majirani pamoja na naibu wa chifu waje kujifunza.

Jembe la kwanza likagonga jiwe. Nikasogea hatua tano, jiwe. Kumi, jiwe. Nikaigeuza ramani, nikatazama jua, nikaigeuza tena, nikarudi barabarani kuhesabu hatua upya, na watu wote wananifuata nyuma kama wasindikizaji wa bibi harusi, hata kaskazini sikujua tena iko wapi. Nilichanganyikiwa kweli, maana rangi ilikuwa palepale na jiwe lilikuwa palepale.

Mama Kadzo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hebu nionyeshe nyumba yangu kwenye hiyo karatasi."

Nikaweka kidole. Kikafunika nyumba yake, soko, kanisa na mashamba ya jirani zake wote. Ule mstari wangu wa kalamu peke yake ulikuwa mpana kuliko shamba lake. Walioipima ardhi walipima wilaya. Kiraka cha mawe cha mjane hakikuwamo tangu mwanzo, na kukuza karatasi hakukukiingiza (nilikuza ujinga wangu tu).

"Mbegu imeshalowa," akasema. "Isipoingia ardhini leo, itaoza."

Watu wakashuka bondeni kufyeka, naibu wa chifu akavua koti, nami nikafyeka mpaka viganja vikachubuka. Kabla ya giza mbegu ikaingia ardhini, na ikaota, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo nikifika shamba la mtu, ramani hubaki imekunjwa mpaka mwenyewe anionyeshe jembe lake limewahi kugonga wapi.