Waya wa zahanati

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kina mama!

Mnanijua. Nusu ya nyumba za Rwamgasa umeme nimefunga mimi.
Leo kompyuta ya zahanati imekosa mtandao, wagonjwa hawaandikishwi. Nikasema, pisheni.

Waya nikamenya kwa meno, kichwa cha plastiki cha kuchomeka kwenye kompyuta nikakibana kwa plaizi. Wapi!
Mtoto mmoja kwenye foleni ana homa, mama yake ananitazama tu.

Akaja Mama Kulwa, fundi wa mtandao. Akaupima waya, akaninong'oneza:
"Shikamoo babu. Meno yamekata nyaya mbili za ndani."
Nikautazama ule waya. Mimi!

Akakata ncha iliyoharibika, akapanga nyaya upya, akanipa plaizi yake maalumu ya kubania vichwa.
"Bana wewe babu, una mkono."
Nikabana. Mtandao ukarudi, mtoto akaandikishwa.

Kina mama wakanipigia vigelegele. Mama Kulwa akapiga pamoja nao, hakunitaja kwamba kosa ni langu.
Basi nimejitaja mwenyewe. Chekeni.