Sufuria Hairudi Tupu

"Huyu hawezi kuendesha mkutano wa kuku," alisema shangazi yangu siku niliyochaguliwa mwenyekiti. "Hata akiwamwagia mtama, watamkimbia."

Hakuwa peke yake. Mwenye duka la kona, ambaye babu yake alikuja kutoka Lindi na robota moja la vitambaa, alisema nitapanda gari la kurudi Pemba, ile ya Msumbiji, kabla maandalizi ya mkutano hayajafika nusu. Wengine walisema mikono yangu ni ya kalamu. Mmoja alisema diploma yangu ni ya kughushi, na hilo liliniuma kidogo, kwa sababu ile karatasi nimeivalisha nailoni na kuitundika ukutani, na kila anayeingia kwangu huoneshwa kabla hajapewa kiti.

Naieleza nilivyoipata, kwa sababu nisipoieleza mimi ataieleza shangazi. Niliondoka hapa na kandambili moja nzima na nyingine iliyofungwa kwa waya. Nilibeba magunia sokoni Montepuez, nikauza mitumba Mtwara, kisha nikasomea kilimo Pemba. Asubuhi nilifagia vyumba vya chuo, na jioni nilikaa humohumo nikafundishwa. Hakuna aliyenishika mkono. Watu husema Mungu ndiye aliyenisaidia. Nakubali, lakini huwakumbusha kwamba na mimi nilikuwepo.

Nilirudi wakati watu nao wanarudi. Miaka ya kukimbia vita ilikuwa imetutawanya huku na huko, na tuliporejea tulikuta nguruwe pori wamejigawia mashamba yetu. Chama chetu cha wakulima, ambacho wazee walikiita undugu wa jembe, kilikuwa hakijakutana muda wote huo. Ni chama cha kulimiana: leo tuko shambani kwako, kesho kwangu, na wote tunaitana ndugu, hata wale ambao hawajasemeshana tangu Ramadhani. Kina tawi kwetu, tawi Mute, tawi Quiterajo, na watu wachache wa Macaloe wanaovua kisiwani na kulima bara. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, matawi yote hukutana mahali pamoja. Zamu ilikuwa yetu, na mwenyekiti wa tawi mwenyeji ndiye anayeongoza.

Sasa sikilizeni kanuni, maana ndizo zilizotaka kuniua. Mbegu za mpunga za chama hutunzwa na katibu, mzee wa Mute, ambaye alipokimbia alibeba gunia la mbegu akaacha suruali zake zote. Mkutano ukiisha, katibu hugawa mbegu. Lakini tawi mwenyeji likishindwa kushibisha wageni, halipati mbegu msimu huo. Wazee walisema asiyejua kupika hana haja ya kupanda. Tena chakula cha mkutano hakinunuliwi, hutoka mashambani mwa wanachama, na vyombo havikodishwi. Huazimwa, na chombo cha kuazima hakirudi kitupu.

Kwetu hakuna aliyekuwa na punje ya mbegu. Tukikosa zile za katibu, tungelima matope mwaka mzima.

Chakula nilikipata. Wanachama walitoa muhogo na mbaazi, mmoja akatoa mbuzi, mzee lakini wa halali. Taabu ikawa sufuria. Mtu anapokimbia hubeba mtoto, godoro na Msahafu. Ile sufuria ya harusi inayopika kwa watu mia haibebeki, na tuliporudi hatukuikuta hata moja. Kila nyumba ilibaki na kisufuria chake cha kila siku.

Mwenye duka aliniita. "Mheshimiwa, ninazo sufuria kubwa, mpya kabisa. Nakukodishia kwa bei ya undugu."

"Kanuni hairuhusu."

"Basi pikia kwenye hiyo diploma."

Nikaamua kuazima vile vidogo. Nilianza nyumbani, mke wangu akanipa chake na kuuliza, "Na sisi?" Nikamwambia sisi tutakula mkutanoni. Nikaenda jirani, nikaenda mtaa wa pili, nikapita nyumba kwa nyumba na mkokoteni. Sijui kijijini kwetu kama kuna mtu mwingine angeweza. Mimi nilijifunza kuuza mitumba kwa watu wa Mtwara, na aliyewahi kumuuzia mtu wa Mtwara koti siku ya jua hashindwi na sufuria. Mpaka jioni nilikuwa nimezikusanya zote. Ya mwisho ilikuwa ya shangazi, pana, imekaa vizuri, kifuniko chake hakina mkono.

"Kumbuka hairudi tupu," alisema.

"Najua, shangazi."

"Unajua kila kitu. Haya, chukua."

Asubuhi wajumbe walifika, wa Mute kwa miguu na baiskeli, wa Quiterajo juu ya lori, wa Macaloe na kapu la samaki wakavu ambalo kila mtu alikaa upande wake wa upepo. Tuliketi kwenye mikeka nje ya shule. Dua ikasomwa, wimbo wa jembe ukaimbwa, nami nikasimama na koti langu la mahafali nikafungua mkutano kwa kuzitaja kanuni za chama.

Kila aliyewahi kukaa mkutano wa wakulima anajua unavyokufa: unauawa na mzungumzaji wa kwanza. Hilo nililifikiria kabla. Niliinua jembe nikasema, "Ndugu zangu, anayesema atanyoosha mkono na kulishika hili. Mkono ukishuka, maneno yamekwisha."

Wakacheka, wakakubali. Mzee mmoja wa Quiterajo ana hotuba yake ya nguruwe waharibifu, ambayo kwa kawaida huanzia nguruwe wa juzi na kurudi nyuma hadi wale wa enzi za babu yake. Siku hiyo iliishia kwa nguruwe wa kwanza. Ripoti ya Mute ikaisha kabla watu hawajaanza kusinzia. Katibu, aliyehudhuria mikutano hii tangu ujana wake, alinong'ona kwa jirani yake, nami nilisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nasikiliza: "Huyu kijana si mbaya."

Hapo ndipo nikawaona wanawake.

Walikuwa wanakuja kutoka pande zote za kijiji, vitenge tunavyoviita kapulana vimefungwa kiunoni, watoto nyuma, wengine wamebeba muhogo usiomenywa. Nyuma yao waume zao, wamejifanya wanapita tu. Hawakuwa wajumbe. Wakasimama kuizunguka mikeka, wakatazama meko yetu yenye sufuria zikichemka, kila mmoja akiitambua ya kwake.

Shangazi akaja mbele, akanyoosha mkono. Nilimpa jembe. Ningefanya nini, kanuni ni yangu.

"Ndugu wa jembe, karibuni," alisema. "Mimi sina mengi. Leo kijiji hiki hakina sufuria. Hata moja. Mwenyekiti amezipakia zote kwenye mkokoteni wake. Watoto hawajala tangu jana jioni. Sasa nauliza, tupikie wapi? Kwenye koti lake?"

Watu walicheka mpaka mzee wa Quiterajo akashika mbavu. Nami nilitazama jembe, nikiomba lishuke. Mkono wa shangazi haukutikisika. Mwanamke huyo amelima tangu kabla sijazaliwa, angeweza kulishika mpaka magharibi.

"Tena," akaendelea, "yeye mwenyewe alimwambia mkewe kwamba watakula mkutanoni. Basi na sisi tumekuja kula mkutanoni. Au mke wake ana tumbo na sisi tuna mifuko?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatazama mawingu.

Katibu wa Mute hakucheka. Alihesabu vichwa kwa macho, akahesabu sufuria, akaniita pembeni. "Mwanangu, chakula hiki ni cha wajumbe tu. Ukiwapa hawa, wageni hawashibi. Usipowapa, watoto wanalia mbele ya wageni, na hakuna mgeni atakayemeza. Kwa vyovyote sitaweza kusema wageni wameshiba. Unajua maana yake."

Nilijua. Mbegu zilikuwa pale, nyuma yake, gunia limefungwa kwa kamba ya minazi. Mwenye duka naye alikuwa amefika, ameegemea nguzo ya shule, anatafuna karanga kama mtu aliyelipa kiingilio.

Sasa naomba hili liandikwe kama lilivyokuwa, maana wengine wamekwisha kulisimulia kana kwamba lilishuka lenyewe kutoka mbinguni. Wazo lilikuwa langu. Nilirudi mbele, nikachukua jembe kutoka kwa shangazi, nikalinyoosha.

"Chakula hiki kipakuliwe sasa hivi," nilisema. "Kila mtu, mjumbe na asiye mjumbe, atapata matonge mawili matatu, watoto kwanza. Sufuria zikiwa tupu, kila mama achukue yake, asiende nayo popote. Apike hapahapa, kwenye meko haya, kile ambacho angepika leo nyumbani kwake. Na kila mjumbe achague sufuria ya kuketi nayo. Wageni wa chama watakula chakula cha nyumbani, katika nyumba zote za kijiji, bila kuinuka kwenye mkeka."

Mkono ukaanza kuuma. Sikuushusha.

Mama mmoja akasema, "Mimi muhogo wangu uko hapa, nimenye?" na mwingine akamtuma mwanawe kukimbia nyumbani kuleta kisamvu, na basi, ikawa. Sijawahi kuona mkutano kama ule. Ajenda zilisomwa katikati ya moshi. Tulijadili nguruwe huku nazi zikikunwa, tukapitisha zamu za ulinzi wa mashamba huku mbaazi zikiungwa. Mjumbe wa Macaloe alitoa kapu lake la samaki, kumbe harufu ile ikiingia kwenye tui inakuwa jambo jingine kabisa. Mzee wa Quiterajo alitembea kutoka sufuria hadi sufuria kama mkaguzi, akila kila mahali na kusema bado hajaamua.

Alasiri katibu alisimama. Alitaka kushika jembe, mkono ukamshinda kwa kushiba, akaliweka chini. "Nimehudhuria mikutano mingi ya undugu huu," alisema. "Huu wa leo tumelishwa mara mbili." Akafungua gunia, akaanza na tawi letu.

Mwenye duka alitupa maganda ya karanga akaenda zake.

Nilikuwa najiandaa kupokea pongezi, na nilikuwa nimetayarisha maneno machache ya unyenyekevu, wakati shangazi alipobeba sufuria yake, akaitazama ndani, akaniinamishia niione.

"Tupu," alisema.

Wanawake wote wakasimama na sufuria zao. Zote zilikuwa zimekwanguliwa hadi chini. Sikuwa na kitu cha kutia, na kanuni nilikuwa nimeitaja mwenyewe asubuhi ile, kwa sauti, mara mbili.

"Mpunga ukivunwa," nilisema, "nitapita nyumba kwa nyumba, sufuria ya kila mama nitaijaza mchele. Mpaka kwenye ukingo."

"Mashahidi mpo?" shangazi aliuliza. Walikuwepo, wa matawi yote. "Ahadi ya diploma," alisema mmoja, na wakaenda nyumbani wakicheka.

Nililima msimu ule kama mtu anayefukuzwa. Nililala kwenye dungu nikapiga debe kufukuza nguruwe. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakawa sugu, na sugu hizo nilimwonesha kila aliyewahi kutaja kalamu, hata wale ambao hawakuuliza. Mvua ilinyesha vizuri. Mpunga ukainama.

Mke wangu ndiye aliyetwanga, nami nilimsaidia pale alipokubali. "Wewe mwenyekiti," aliniambia, "mimi mchi." Mchele ulipokuwa tayari nilijaza sufuria ya nyumbani kwanza, si mjinga, kisha nikapakia magunia kwenye mkokoteni uleule na kuanza safari ya nyumba kwa nyumba. Watu walitoka kushuhudia. Nilimimina, nikasawazisha kwa kiganja, nikaomba mwenye sufuria aseme kwa sauti, "Sikudai." Wengine walitaka kusema kwa sauti ndogo, nikawaambia sisikii. Mbele ya duka nilipunguza mwendo makusudi.

Nyumba ya shangazi niliiacha ya mwisho. Mchele uliobaki ulitosha ile sufuria yake pana, niliukadiria vizuri, hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Nilimkuta barazani, ameketi, mbele yake sufuria ambayo mbuzi angeweza kuoga ndani.

"Shangazi, hii siyo ile."

"Ile imetoboka."

"Imetoboka lini?"

"Wewe ulisema sufuria ya shangazi utaijaza. Hii hapa sufuria, mimi hapa shangazi. Au nimwite yule mzee wa Mute?"

Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika. Nilimimina gunia lote, mchele ukafika katikati. Nikarudi nyumbani, nikachukua mchele wa akiba yetu. Mke wangu alinitazama nikiupakia. "Chukua," alisema. "Usiku tutachemsha diploma, nailoni tutaitoa." Nikarudi, nikamimina. Ilibaki kidogo tu kufika ukingoni. Nikakung'uta gunia, nikakung'uta kapu, nikapindua mifuko ya koti langu la mahafali, na wallahi zilitoka punje.

Shangazi alipitisha kiganja juu, akasawazisha taratibu, akasaga punje moja kwa jino. "Haya," alisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Sikudai, mwenyekiti."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Lakini mimi nilikuwa naitazama sufuria. Ilikuwa mpya, inang'aa, na nilikumbuka nani alizitangaza sufuria kama hizo.

"Sufuria nzuri, shangazi. Ya nani?"

"Nimeazima dukani."

"Umekodi?"

"Mimi nikodi sufuria? Nimeazima."

Nilikunja gunia langu, nikaliweka begani. Majirani walikuwa wameelewa kabla yake, na mmoja alikuwa ameanza kuziba mdomo kwa kapulana.

"Basi, shangazi," nilisema, "hairudi tupu."