Maini, Terere na Kichwa cha Dada Yangu

Mvi zilinianza juu ya paji la uso nikiwa bado ninanyonyesha kitinda mimba wangu. Wanafunzi ninaowafundisha hawakusema kitu, lakini kwenye sherehe moja ya familia kule Muthara shemeji yangu aliniuliza mbele ya watu kama nina shida nyumbani. Kabla sijajibu, dada yangu mkubwa alinijibia.

"Huyu hajipendi. Hali vizuri. Mimi ni mkubwa wake na kichwa changu mnakiona."

Kweli walikiona. Kilikuwa cheusi tii. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Jioni ile alinivuta kando, akanieleza kwa upole jinsi anavyokula. Maini kila wiki. Mboga za majani, terere na managu, zisikose jikoni. Mayai, ndengu, maharagwe meusi ya njahi, simsim ya kukaanga. "Nywele ni damu," aliniambia. "Ukikosa damu, zinakauka rangi."

Nikamuuliza kuhusu mama yetu. Alikufa nikiwa darasa la sita, na sikumbuki siku hata moja niliyomwona bila kitambaa kichwani. Dada ndiye aliyemuuguza.

"Mama? Alizikwa na nywele nyeusi kama za msichana. Kwetu hakuna mvi, mdogo wangu. Ni wewe tu."

Basi nikaanza kula. Nilikuwa nikitoka nyumbani Kinoru kwenda kununua maini kwa mchinjaji mmoja wa Majengo, kwa sababu maini yake huwa mabichi asubuhi. Wanangu walichoka na terere. Mume wangu akaniuliza kama tumegeuka mbuzi. Nilipata nguvu, hilo siwezi kukataa, na kizunguzungu nilichokuwa nacho tangu kujifungua kiliisha. Lakini mvi ziliendelea kushuka kuelekea masikioni. Kila nilipompigia dada simu aliniuliza, "Una uhakika unakula maini? Au unawapa watoto yote?" Nikajiona mzembe. Nikaongeza mayai.

Daktari niliyemwona kwa ajili ya mtoto ndiye aliyeniambia. Alisema chakula husaidia nywele pale mwili unapokosa kitu, kama vile damu ikipungua. "Lakini mvi za mapema mara nyingi ni za ukoo. Mama yako alikuwaje?" Nikamwambia mama hakuwa nazo.

Jumamosi moja nilikuwa Majengo na maini yangu mkononi. Jirani na bucha kuna mama mmoja anayepaka wanawake hina na piko katika chumba chake cha kupanga. Mlango ulikuwa wazi. Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, taulo mabegani, na mama yule akimpaka piko, ile rangi nyeusi, kwa brashi. Upande uliokuwa haujapakwa ulikuwa mweupe kwenye mizizi kuliko kichwa changu.

Alinyanyua macho. "Funga mlango," akasema. "Watu wasione."

"Kwani mimi ni nani?"

Mama wa piko akatoka, akisingizia anakwenda kuchota maji. Dada akaanza kulia, rangi ikimchuruzika shingoni. Akasema alianza kupaka kabla hajaolewa. Akasema ni mama aliyemfundisha.

"Mama alipaka?"

"Alikuwa mweupe kichwa kizima kabla hajakuzaa. Aliniapisha nisimwambie mtu."

Nilisimama pale, damu ya maini ikipenya gazeti na kunilowesha vidole. Kupaka kwake hakukuniuma. Kila mtu na kichwa chake. Kilichoniuma ni mama. Miaka yote nimetafuta kitu chake mwilini mwangu, nikaambiwa sina hata kimoja, kumbe nilikuwa nimekibeba kichwani, na dada yangu alikuwa akinitazama nikipigana nacho kwa sufuria.

"Ungeniambia mimi peke yangu," nilisema.

"Ningekwambia wewe, wangejua wote."

Nilienda nyumbani, nikapika, tukala.

Tunasalimiana sasa. Akiumwa naenda kumwona. Lakini shida zangu nampelekea jirani, mtu ambaye hatukuzaliwa naye tumbo moja. Na kwenye harusi ya mpwa wetu nilienda kichwa wazi, mvi zote nje. Dada alikaa meza ya mbali na hakunitazama hata mara moja.