Kambini kwetu Fizi tulilipikia kopo la kinyesi kama tunavyompikia mgeni

Wakuu, salaam.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni. Sitaongeza chumvi, maana anayehusika hayupo tena wa kunisahihisha.

Mimi ni mkimbizi kutoka Burundi. Shule niliishia la saba, kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu kimekaa kibongo. Sasa naishi kambi moja ya Fizi, huku Kongo, si mbali na mji wa Baraka.

Binti yangu wa kwanza aliitwa Ineza. Miaka kumi na tano.

Hapa kwetu mtoto chini ya miaka mitano anapewa ile siagi ya karanga ya pakiti. Mama mjamzito naye ana fungu lake. Kijana ambaye mwili ndiyo kwanza unarefuka hana fungu. Yeye ni ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, isiyo na mafuta. Asubuhi hamna kitu.

Ikaja timu ya watafiti. Walitueleza kwamba tumboni kuna bakteria wazuri na wabaya, na chakula ndicho kinaamua nani akae, nani ahame. Wakaomba vinyesi vya vijana wetu waone njaa imewafanya nini. Hali ikionekana mbaya, watawaombea vijana uji shuleni.

Vijana walicheka sana. Mmoja alisema, "Bamemaliza zahabu ya Lulimba, sasa banachimba choo."

Makopo yangekusanywa Jumatatu.

Hapo shefu, yaani kiongozi wa bloku yetu, akapita nyumba kwa nyumba. Mzee wa heshima, sisemi ana roho mbaya. Alisema tusimletee aibu, vijana wale vizuri kabla ya Jumatatu. "Batasema Barundi banajua kuzaa tu, kulisha habajue."

Wakuu, Jumamosi na Jumapili kambi ilinukia kama kuna harusi. Samaki wa mikebuka kutoka Lweba, ziwani. Maziwa ya mgando yaliyoshushwa kutoka milimani Bibokoboko. Mama Ineza aliuza kitenge chake cha kanisani.

Kwetu mgeni haonyeshwi njaa. Safari hii mgeni alikuwa kopo la plastiki lenye mfuniko.

Nilisema kwamba tunajifunga goli wenyewe. Jirani akanijibu kwamba mimi ni bahili tu, natafuta pa kujifichia.

Ineza alisukuma sahani yake kwa mdogo wake. Mama yake akamwambia ale, asitie nyumba aibu.

"Mama, mi sitaki tumbo yangu iseme uongo," akasema. "Si banataka kujua tunakulaka nini? Basi bajue."

Akala ugali na sombe, siku zote mbili.

Miezi ikapita. Mmoja wa timu akarudi na picha yenye rangi nyingi. Akasema matumbo ya vijana wa bloku yetu hayako vibaya, yana dalili za watu wanaopata samaki na maziwa. Kwa hiyo uji utaanzia kwingine, kwenye shida zaidi.

Watu wakapiga makofi. Makofi, wakuu! Shefu akatabasamu.

Halafu yule bwana akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba kopo moja lilitofautiana mno na mengine. Walidhani limeharibika njiani, wakaliondoa kwenye hesabu.

Jina hakutaja, na siwezi kuapa. Lakini nyumba ambayo kijana hakugusa samaki naijua moja tu.

Nikasimama. Mimi si mtu wa kusimama mikutanoni. Nikasema, "Huyo mulitosha mu hesabu, njo alisema kweli."

"Papa Ineza, kaa chini," shefu akasema.

Yule bwana akasema atalifikisha kwa wakubwa. Mpaka leo.

Ineza alifariki masika yaliyofuata. Daktari alisema malaria, na mimi sikatai. Ila malaria ilimkuta hana akiba mwilini. Uji ungemwokoa? Sijui. Najua tu kwamba hakuupata.

Hasira yangu ina pande mbili. Ninyi wenye elimu, mnapimaje njaa ya mwaka kwa kinyesi cha siku moja, tena kwa kutoa taarifa mapema? Mngeuliza nini kiko chunguni siku mgeni hayupo.

Na sisi je? Heshima gani hii inayoshibisha kopo na kumwacha mtoto?

Siku ya kuzika, Mama Ineza alivaa kitenge cha kuazima. Majirani wakaleta samaki wa kulisha waombolezaji, na harufu ilikuwa ileile ya Jumamosi. Mimi sikula.

Nilichojifunza ni hiki: akija mtu kupima njaa yako, usimpikie.

Mlioishi kambini, kwenu walipokuja kupima, mlipika nini? Semeni ukweli tu, hata kama unauma.