Mapacha wa Ghorofani

Shangazi yangu alikuwa akipeleka watoto wa watu shule kwa malipo, kwa gari lake dogo. Mumewe alipofariki alimwachia gari hilo tu, kwa hiyo likisimama, na jiko nalo linasimama.

Sheria inamtaka kila mwenye gari awe na bima ndogo, ile ya kumlipa utakayemgonga. Lako likivunjika, utajua mwenyewe. Shangazi aliona hiyo haimtoshi, akajibana akakata bima kubwa, inayotengeneza hata gari lako. Nadhani mtaa mzima walikuwa nayo watu wawili. Wakala alipomwuliza gari ni la kazi gani, alijibu, "La nyumbani," maana bima ya gari la biashara ilikuwa ghali mno.

Asubuhi moja ya mvua gari liliteleza likaingia mtaroni. Watoto walitoka na michubuko tu, lakini mbele yote ilikunjika kama karatasi.

Pale gereji, nilikomsindikiza, fundi alimnong'oneza, "Dada, akija mtu wa bima, sema watoto ni wa ndugu zako. Ukitamka abiria tu, umekwisha."

Mkaguzi wa bima alikuwa kijana mpole. Alikanyaga oili na viatu vyake safi wala hakujali.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hivyo tena."

"Ulikuwa na nani garini?"

"Watoto wa ndugu zangu. Wanne. Wote wananiita shangazi."

"Nitajie majina, niandike."

Shangazi alifungua mdomo, akaufumba. Kila siku alipiga honi wakaja mbio. Majina ya nini?

"Kuna yule wa geti jekundu," akaanza. "Na wa duka la dawa. Halafu mapacha wa ghorofani."

Fundi alishikwa na kikohozi cha ghafla.

"Mama, hivyo ni vituo," mkaguzi akasema taratibu. "Hao mapacha wanaitwa nani?"

"Mmoja... Kadogo."

"Kadogo nani?"

Nilitamani kumsaidia, lakini hata mimi sikuwajua. Mkaguzi akaichomeka kalamu mfukoni.

"Bima yako ni ya kwenda sokoni na misibani, mama. Hawa ni abiria. Hatuwezi kulitengeneza."

"Na hela zote nilizotoa?"

"Ulikatia gari la nyumbani. Hili la kubeba watoto, kwetu halimo."

Shangazi hakulia. Aliuliza tu kama kuna mtu mkubwa zaidi wa kuongea naye. Alikuwepo; Shangazi akaenda kwake, naye akamjibu yaleyale.

Hela ya kulitengeneza hakuwa nayo, akakubali gari liuzwe vipandevipande. Fundi alinunua injini, kisha akaing'oa milango iliyopona. Kiti cha nyuma kiliwekwa chini, uwanjani, na Shangazi akakikalia, mkoba mapajani. Nikasimama pembeni yake.

Baadaye fundi alikuja akikuna kichwa.

"Samahani, dada. Nyanyuka kidogo. Mwenye kununua viti amefika."